Damu ya Nyumba ya Bi Nasra

Bi Nasra alikufa Jumatano asubuhi, na binti yake Zamzam alinipigia simu kabla maiti haijatoka nyumbani. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama ntakwenda Ibra. Nikamwambia ntakuja, kwani nisipokuja mie atakuja nani. Nilipoiweka simu nilibaki nimekaa kitandani hapa Maskati, sikuinuka mpaka adhana ya adhuhuri. Sikuwa nikimlilia Bi Nasra, Mungu anisamehe. Yeye aliishi miaka mingi, akaona vitukuu, akafa ana kauli yake. Niliyekuwa nikimfikiria ni mke wa mwanawe, Ghaliya, na mwaka mmoja niliokaa katika nyumba yao mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa na nikijiona najua kila kitu. Watu wa nyumba ile wamenisifu maisha yao yote kwa nililolifanya mwaka ule. Lipo jengine nililolifanya ambalo hawakuwahi kulijua, na kila walivyonisifu ndivyo lilivyozidi kunikaa kooni.

Nilipelekwa Ibra, mji mdogo wa bara ya Omani, kwa sababu nilijua kusoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye chupa. Hospitali ilikuwa ndogo, vyumba vichache na uwanja wa changarawe, na daktari alikuwa mmoja, Msudani mrefu mwenye sauti ya chini, tukimwita Daktari Mubarak. Alitaka mtu wa kumsaidia maabara. Mie nilikuwa nimesoma sayansi Unguja, nikafundishwa miezi mitatu Maskati namna ya kupima mkojo, malaria na damu, nikapewa koti jeupe lililonifika magotini. Kwa kuwa msichana hakuweza kukaa peke yake, mama alimwandikia Bi Nasra, waliyejuana naye tangu Unguja, na Bi Nasra akajibu kwa neno moja: mlete.

Nyumba yao ilikuwa ya udongo na mawe, ya zamani, kuta nene zenye vishubaka vilivyojaa sahani za kichina na chupa tupu za manukato. Nilipewa chumba cha juu. Dirisha lake lilitazama mitende na falaji, ule mfereji unaoleta maji kutoka mlimani, na chini yake palikuwa na jiko, kwa hivyo moshi wa kuni na maneno ya wanawake yote yaliniingilia chumbani. Nyumba ile niliijua kwa masikio kabla sijaijua kwa macho. Nilimjua Bi Nasra kwa Kiswahili chake cha mjini, akimwambia binti yake, "Wee Zamzam, koroga mchuzi huo, usinisimamie kama mlingoti!" Nilimjua Zamzam, aliyekuwa na miaka kumi na saba, kwa kicheko. Na Ghaliya nilimjua kwa ukimya. Alikuwa mke wa Hamed, mtoto wa kiume wa nyumba ile, aliyefanya kazi kwenye kambi ya mafuta huko jangwani na kuja nyumbani siku chache kila mwezi. Ghaliya alitoka kwa Mabedui wa upande wa Al Mintirib, pale mchanga mkubwa unapoanzia. Aliolewa mdogo sana, na nilipomkuta alikuwa na watoto watano na umri wake haukuzidi miaka ishirini na tano. Kiswahili alikuwa hana, na Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji. Tulisemezana hivyo hivyo, nusu maneno yangu, nusu yake, na yaliyobaki kwa mikono.

Chakula cha mchana kilikuwa na utaratibu wake ambao hapana aliyehitaji kuambiwa. Sinia la wali lilitoka jikoni likiwa na nyama juu, au papa mkavu siku ambazo nyama hakuna, likenda barazani kwa Sheikh Saif, mume wa Bi Nasra, na wageni wake. Likirudi, watoto walilizunguka. Watoto wakishiba, ndipo tulipokaa sisi wanawake. Wakati huo juu ya wali pamebaki mifupa na mafuta yaliyoanza kuganda, na Bi Nasra akichokoa mfupa kwa kidole akamtilia Zamzam kipande, kwa kuwa Zamzam alikuwa bado anakua, na kimoja akanitilia mie, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Ghaliya alikula wali mtupu na limau, mtoto yuko kifuani ananyonya. Kisha chai, nyeusi na kali, vikombe vitatu vinne, mara tu baada ya tonge la mwisho. Nilikula nao nikashiba, wala sikuona kasoro, maana hata kwetu wanaume walitangulia. Hapana aliyemnyima Ghaliya chakula. Ungemuuliza yeyote wa nyumba ile angekuapia kwa Mungu, na angekuwa mkweli.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni ukuta. Nyuma ya ngazi palikuwa na shimo la upana wa kiganja, limelainika kama lililosuguliwa, nami nikadhani ni kazi ya panya. Alasiri moja nilishuka bila viatu nikamkuta Ghaliya pale. Alikuwa akikwangua udongo kwa ukucha na kuutia mdomoni, macho ameyafumba, kama mtu anayeonja halua. Aliponiona alicheka kwa haya akajifuta midomo kwa ushungi. Nami nikacheka. Kwetu Unguja wajawazito hula udongo, huuzwa sokoni umepangwa mafungu. Nikamwonyesha tumbo langu, nikamnyooshea kidole yeye. Akainua vidole vitatu, miezi mitatu. Mtoto wake wa mwisho alikuwa hajatembea bado.

Siku ya pili nilimsimulia Daktari Mubarak kama kichekesho. Yeye hakucheka. "Anayekula udongo, mpime damu," alisema. "Na usimtazame mikono. Hapa kila mwanamke ana hina viganjani na kwenye kucha, na usoni ana barakoa. Rangi yake yote imefichwa. Mvute kope la chini, utazame ndani." Niliporudi nyumbani nilimwomba Ghaliya afungue barakoa. Wanaume hawakuwapo, akaifungua. Nilizowea kumwona na ile kinga nyeusi yenye ncha puani, na uso uliokuwa nyuma yake ulikuwa wa mtoto, wa rangi ya nta. Nikamvuta kope. Ndani palikuwa peupe kama nyama ya nazi.

Nilimchukua hospitali pamoja na Zamzam, kwa kisingizio kwamba Zamzam anaumwa sikio. Kipimo chetu kilikuwa cha kizamani lakini nilikipenda. Unamchoma mtu kidole, unafyonza damu kwa mrija mwembamba mpaka alama, unaipuliza ndani ya kichupa chenye asidi, inageuka rangi ya kahawa. Kisha unatia maji tone kwa tone na kukoroga, mpaka rangi ifanane na vioo viwili vilivyosimama pembeni, halafu unasoma namba. Damu nzuri hula maji mengi kabla haijafanana. Ya Ghaliya ilitaka matone machache tu. Nilikikweza kichupa dirishani, nikakigeuza, nikakitazama tena. Ilikuwa gramu sita. Mwanamke mwenye afya alitakiwa afike kumi na mbili. Daktari alikuwa na amri yake: mjamzito yeyote aliye chini ya saba alazwe, mumewe aitwe, na uzazi wake usiwe nyumbani.

Nilimweleza Ghaliya kwa Kiarabu changu kibovu. Alielewa haraka kuliko nilivyotaraji. Alimtoa Zamzam nje, akaufunga mlango, akanishika mikono yote miwili.

"Usimwambie," alisema. "Raya, wallahi usimwambie."

"Daktari atakusaidia."

"Atamwita Hamed. Shangazi yake Hamed keshaanza kusema. Ana binti yuko Nizwa, anataka Hamed amwoe. Anasema Bedui hana afya, kila siku amelala. Wakiambiwa sina damu watanirudisha kwa mama yangu, na watoto watabaki hapa." Akaweka kiganja changu kwenye tumbo lake. "Huyu nikimzaa salama, ntakunywa dawa zote. Zote."

Nilijua kuwa anayoyasema si ya kubuni. Wiki ile ile nilikuwa nimemsikia huyo shangazi jikoni, sauti ikinijia juu pamoja na moshi. Alikuwa akimwambia Bi Nasra kwamba mwanamume aliye kambini mwezi mzima akirudi anataka mke anayesimama, hataki mgonjwa. Bi Nasra alimjibu, "Mwache mtoto wa watu, ana safura tu, itampita." Lakini hakulisema kwa nguvu, na shangazi akacheka.

Kwa hivyo nilichukua kalamu. Katika kitabu cha maabara, mbele ya jina la Ghaliya, niliandika tisa. Tisa ilitosha kumpatia vidonge, haikutosha kumwita mumewe. Niliona natenda wema, nami nikiwa ndiye pekee ninayemfahamu. Daktari alipita jioni yake, akaisoma namba, akaandika vidonge vya chuma, akageuza ukurasa.

Vidonge alivinywa siku kumi, kila kimoja na kikombe cha chai, maana katika nyumba ile dawa ilinywewa kwa chai. Mie mwenyewe nilikuwa nimekwishafundishwa kwamba chai inazuia chuma kisiingie mwilini, nikamwambia, akaitikia, na kesho yake nikamkuta na kikombe. Tumbo likamuuma. Choo chake kikawa cheusi, akaogopa kuwa anaoza ndani. Siku moja nilipoinua godoro lake kumsaidia kulianika nilivikuta vidonge vyote vilivyobaki, vimefungwa kwenye kitambaa. Alinitazama tu. Nikavirudisha pale pale, nikatandika.

Kiangazi kikaingia. Ibra wakati wa kuvuna tende joto linakaa ndani ya kuta mpaka ukigusa ukuta unatoa mkono. Wanawake wote walikuwa kazini, wanachambua, wanaanika, wanashindilia tende kwenye makanda, na Ghaliya pamoja nao, mtoto kiunoni na mwengine tumboni. Nilianza kumsikiliza anavyopanda ngazi. Alikuwa akipanda vidato vitatu, anasimama. Vitatu, anasimama. Nikiwa kitandani wakati wa usingizi wa mchana nilihesabu vituo vyake, na kila wiki vilizidi. Miguu ilimvimba mpaka vikuku vikamwacha alama. Shingoni, chini ya sikio, mshipa ulipigapiga hata akiwa amekaa, na mie nilishindwa kuuondolea macho. Nilijua. Kila siku nilikwenda hospitali nikafungua kile kitabu, nikaandika majina ya watu wengine kwenye kurasa za mbele, na ukurasa ule ukazidi kuwa nyuma.

Bi Nasra naye aliona, ila aliona kwa macho yake. Asubuhi moja, kabla sijakwenda kazini, nilikuta bibi mmoja mgeni amechutama jikoni mbele ya makaa, na ndani ya makaa pana kipande cha chuma. Ghaliya alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo wazi, Zamzam amemshika mabega.

"Bi Nasra, mnafanya nini?"

"Twamchoma, mwanangu. Hii safura haimtoki. Huyu bibi ndiye aliyemchoma mama yake Saif, na alipona."

"Hicho hakileti damu!"

"Na vidonge vyenu vimeleta?" Hakuniuliza kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi au kwa kulia. "Unafikiri mie sioni? Nimemlea huyu kama mwanangu. Niambie basi nifanye nini, weye uliyesoma. Nambie."

Pale ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningesema neno moja tu, sita, na Bi Nasra angemwita mwanawe kutoka jangwani siku ile ile, shangazi apende asipende. Ghaliya aligeuza kichwa akanitazama juu ya bega la Zamzam. Nikasema, "Apumzike. Ale nyama." Bi Nasra akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetegemea zaidi. Bibi yule akatoa chuma kwenye makaa. Nilitoka nje, lakini harufu ilinifuata mpaka kwenye falaji. Ghaliya hakulia. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko kama angepiga kelele.

Uchungu ulimshika mwisho wa mavuno, siku ya Jumatatu, na mtoto akazaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, saa mbili za asubuhi. Mie nilikuwa kazini. Saa nne gari ya wazi, ya jirani, iliingia uwanja wa hospitali kwa kasi, Bi Nasra yuko nyuma ameketi kwenye godoro na kichwa cha Ghaliya kiko pajani mwake. Godoro lile lilikuwa la rangi ya samawati. Walipomteremsha halikuwa tena.

Hakuwa ametoka damu nyingi kuliko wazazi wengi. Hilo alilisema daktari mwenyewe baadaye. Mwanamke mwengine angepoteza kiasi kile akaomba uji. Daktari Mubarak alimkanda tumbo, akamchoma sindano, damu ikapungua, lakini Ghaliya alikuwa hajibu na midomo yake ilikuwa imelingana rangi na shuka. Daktari akaja maabara mwenyewe, akafungua kitabu, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka akalipata jina.

"Tisa," alisema. "Mwenye tisa hafiki hivi."

"Ilikuwa sita," nilisema.

Alinitazama. Kisha akakifunga kitabu. "Mtafutie damu," akasema. "Wapime jamaa zake wote. Haraka."

Wakati ule hapakuwa na damu iliyohifadhiwa, aliyetaka damu aliipata kwa nduguze. Nje kwenye ubao walikuwa wamekaa wanawake wa nyumba, wamekuja kwa miguu kuifuata gari. Zamzam ndiye aliyekuwa wa mwanzo, amekwishakunja mkono wa gauni kabla sijamwita. Nikamchoma, nikafyonza, nikatia maji. Matone machache, rangi ikafanana. Nane. Nikadhani nimekosea kipimo, nikarudia. Nane. Akaja Bi Nasra. "Chukua yote, mie mtu mzima, sina kazi nayo." Nane na nusu. Akaja jirani aliyezaa miezi minne nyuma, na dada wa jirani, na msichana aliyeolewa mwaka ule ule. Vichupa nilivipanga dirishani, na jua la saa tano likapita ndani yake. Vyote vilikuwa vya rangi ya chai iliyopozwa kwa maji. Saba. Tisa. Saba na nusu. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa na damu ya kutoa, na wote walikuwa wamekuja kwa miguu yao, wamepika asubuhi ile, wamechota maji, wanacheka na watoto wao siku zote. Nikajichoma mwenyewe. Nilikuwa tisa.

Tisa kweli, safari hii.

Daktari alisimama mlangoni akavitazama vichupa kimoja kimoja. Kisha akauliza, "Wanaume wako wapi?"

Walikuwa nje, kwenye kivuli cha gari. Mmoja alikataa kabla hajaulizwa vizuri, akasema damu ikimtoka mtu hairudi. Mwengine akasema ana safari. Sheikh Saif, baba mkwe wake Ghaliya, hakukataa wala hakukubali. Alikuwa mzee mkavu wa maneno. Mwaka mzima tulioishi nyumba moja hatukuwahi kuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Alimwita daktari pembeni, na kwa kuwa nilibeba sindano nilisikia, na Kiarabu changu kilikuwa kimeshakua kiasi cha kuwafahamu.

"Damu yangu ikiingia kwake, atakuwa mwanangu? Kama maziwa?"

"Vipi, sheikh?"

"Mtoto akinyonya kwa mwanamke huwa mwanawe. Sasa huyu akipata damu yangu, atakuwa dada yake Hamed? Ndoa itavunjika?"

Daktari hakumcheka. "Damu si maziwa, sheikh. Haifanyi udugu. Ataendelea kuwa mke wa mwanao, akiishi."

Nilimtazama mzee midomo ikitikisika, sijui alisoma dua au alihesabu jambo. Kisha akavua kilemba, akakiweka kwenye kiti cha gari, akaninyooshea mkono nimchome. Damu yake nilitia maji, nikatia, nikatia, na bado ilikuwa nzito. Kumi na tano. Mzee wa miaka sitini na zaidi. Kundi la damu yake likakubaliana na la Ghaliya. Chupa ya pili alitoa yule jirani mwenye gari, ambaye hakuwa na udugu wowote. Alasiri Ghaliya alifumbua macho akauliza mtoto ni nini. Bi Nasra akamwambia ni msichana, na wameshampa jina Shamsa.

Jioni yake Daktari Mubarak aliniita. Kitabu kilikuwa mezani pake, kimefunguliwa. Alinipa kalamu, akaniacha nifute tisa na kuandika sita mbele yake. "Sitomwambia mtu," alisema. "Si kwa ajili yako. Wakijua, hapana mwanamke atakayekuja tena kupimwa hapa." Hakuwahi kulitaja tena. Nyumbani nilipokewa kama niliyemfufua maiti. Bi Nasra alinibusu viganja akasema, "Mwanangu, ungekuwa hupo weye…" Nami nikamwacha aseme.

Siku arubaini Ghaliya alikula kwanza. Sheikh Saif mwenyewe aliamuru. Kila siku aliletewa ini na nyama ya mbuzi na samli, na sinia lake lilipelekwa kabla ya lile la barazani. Mashavu yake yakarudi rangi kidogo. Alinifundisha kusuka kamba za ngamia kwa sufi, mie nikamfundisha kusema "Sijambo" na "Toka hapa, mshenzi wee," aliyokuwa akiwaambia kuku. Daktari alimwambia Hamed, mbele yangu, mkewe asishike mimba mpaka ipite miaka mitatu. Hamed akaitikia, taabani kwa haya, akitazama viatu vyake. Siku ya arubaini na moja sinia lilitoka jikoni likapita mlangoni kwetu, likenda barazani. Hapana aliyeamuru lirudi huko. Lilikwenda tu. Ghaliya akajisogeza akatupisha nafasi, akakamulia limau kwenye wali.

Mwisho wa mwaka nilichaguliwa kwenda kusomea uuguzi Maskati. Ghaliya alinisindikiza mpaka barabarani, Shamsa amefungwa kifuani. Nilitaka kumvuta kope nimwangalie. Niliogopa.

Kiasi cha miaka miwili baadaye nililetewa kanda kutoka kwa Bi Nasra, maana kuandika kulimchosha, alipenda kusema ndani ya rikoda. Alianza na salamu za kila mtu, akasimulia bei ya papa, arusi ya Zamzam, mvua iliyobomoa ukuta. Kisha pakasikika jogoo na mtu akichota maji. Akasema, "Na Ghaliya, mwanangu, katutangulia. Alikwenda kwa mamake huko mchangani, alikuwa mzito miezi minane. Wanasema alilala mchana, hakuamka. Watu wa huko wanasema ni jini. Mie sijui." Halafu akarudi kwenye salamu.

Nilifika Ibra siku ya tatu ya matanga ya Bi Nasra. Nyumba ya zamani imekuwa gofu, sasa wanaishi ya matofali yenye viyoyozi. Nilipangusa machozi ya Zamzam, nikasoma Yasini, nikakaa kwenye zulia pamoja na wanawake. Mwanamke mmoja wa miaka arubaini na kitu akaja akapiga magoti mbele yangu akanishika mkono.

"Shikamoo, Khalati Raya. Mimi Shamsa."

"Marahaba, mwanangu." Nisingemtambua, huyu anayeniita mama mdogo kwa Kiarabu. Alikuwa mnene, ana sauti ya mtu anayeamrisha watu ofisini.

"Bibi nasema kila siku, Khalati Raya ndo liokoa mimi na mama." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini alijitahidi kwa heshima yangu. "Sasa Bibi hayuko. Nataka uliza wewe. Watu nasema mama yangu lipata jini. Wengine nasema jicho. Wewe ulikuwa hospitali. Mama yangu likuwa na nini?"

Ningeweza kumwambia siku zake zilikuwa zimefika. Wanawake pale wangeitikia, kahawa ingezunguka. Nikasema, "Mama yako hakuwa na jini, Shamsa. Alikuwa hana damu. Ilimwisha mtoto kwa mtoto, na sisi sote tulikula naye sinia moja tukamwona. Na mie niliipima, nikaijua, nikaandika uongo."

Hakuelewa mwisho wake. Alinitazama midomo, akangoja. Basi nikamrudilia kwa Kiarabu, ambacho siku hizi nakijua vizuri, kila neno: ile sita, ile tisa, vile vidonge chini ya godoro, asubuhi ya chuma cha moto nilipoulizwa na Bi Nasra nisimwambie. Zamzam aliweka kikombe chini.

"Nani mwengine alijua?" Shamsa aliuliza, kwa Kiarabu sasa.

"Mama yako. Na mie. Na daktari, siku uliyozaliwa."

Aliuachia mkono wangu. Hakulia, wala hakunitukana, na mie nilikuwa nimejiweka tayari kwa yote mawili. Aligeuka akamwita binti yake aliyekuwa akipokea masinia mlangoni, mwanamke kijana, mwembamba, tumbo lake limeanza kuonekana chini ya abaya. Msichana akaja, akatazama nyuso zetu, akakaa pembeni ya mama yake.

"Mwambia huyu," Shamsa alisema, amerudi kwenye Kiswahili chake cha kuokotaokota. "Kama liambia mimi. Yote."

Nikamwambia.